Aliyepiga Haamui Nyama

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Usicheke nikikuita hivyo. Nimekuzidi miaka michache tu, lakini baba yako ni kaka yangu, kwa hiyo wewe ni mwanangu, na bunduki ya baba mdogo Wambura iko siku itakufikia mkononi.

Ilikuwa mkesha wa kipaimara cha mdogo wetu, nyumbani Butiama. Wambura alikuwa na kibali cha kuwinda, akaenda na wenzake pande za Bunda asubuhi. Risasi yake ilimpata swala tumboni badala ya begani. Mnyama akakimbilia vichakani, na walipomkuta amekufa jua lilikuwa limeshapita utosini, tumbo limevimba. Pikipiki ilipoingia uani jioni, wageni walikuwa wameanza kufika na shangazi Nyangeta ameshabandika sufuria.

Kwetu aliyepiga haamui nyama, iliwe au itupwe. Kisu anapewa mtu mwingine. Babu Magesa akanipa mimi.

Unanijua. Mlango nimeufunga mwenyewe, bado nitarudi kuutikisa. Kuchuna nilijifunza peke yangu, kwa kutazama na kuharibu. Nilipopasua, uchafu wa tumbo ulikuwa umesambaa ndani, nyama ya kiuno imeshika ukijani. Nikaomba ndoo ya maji.

"Ya nini?" babu akauliza. "Unataka kuosha au kusambaza?"

"Kata hapo pabaya tule," Wambura akasema. "Mguu mzima kabisa huo! Huyu anaogopaga hata maziwa mgando."

Watu wakacheka. Kwa nje mguu ulikuwa mzuri kweli. Nikazamisha kisu hadi kwenye mfupa wa nyonga, nikakitoa, nikanusa. Umechacha. Nikahamia begani. Halikunuka. Nikanusa tena, na tena, huku nikiwafikiria wageni na sufuria iliyowangoja.

"Sasa unanusa sufuria ya shangazi yako," babu akasema taratibu. "Nyama umeshamaliza kuinusa."

Nikasimama. "Tunafukia yote. Hata mbwa wasipewe."

Wambura akaenda mwenyewe kuchukua jembe. Kesho yake wageni walikula samaki, sato wa ziwani Mugango, shangazi akilalamikia magamba, na hakuna aliyeshika tumbo.

Basi mwanangu, mnyama akipigwa vibaya, uliza kwanza risasi ilipita wapi, na alilala juani kiasi gani. Usikimbilie maji. Nusa hadi kwenye mfupa. Na kama tumbo lilipasuka akashinda kwenye joto, hata pasiponuka usimpe mtu. Pua haioni kila kitu. Mimi bado nina hofu zangu nyingi, lakini hili nalisema bila kutetemeka.

Mungu akupe shabaha nzuri. Na siku utakapokosea, akuwekee karibu mtu wa kumkabidhi kisu.