Pindo la Gauni la Kijani

Mke wangu alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka yote tuliyokaa pamoja Buyenzi hakuwahi kutupa kipande cha kitambaa. Mteja akileta kitenge ashonewe gauni, mabaki yaliyodondoka chini ya meza aliyaokota, akayaviringisha, akayafunga fundo na kuyatia kwenye gunia lililokaa nyuma ya mlango wa chumba chetu. Nililigombeza lile gunia kila nilipojikwaa. Nilimwambia nyumba imegeuka jalala la matambara. Alinijibu kwamba mtu anayerudi kutoka gereji na bugi, zile plagi za injini, zilizokufa na kuzipanga dirishani kama maua, yeye asifungue mdomo kuhusu takataka.

Kazi ya gunia ilionekana Ramadhani. Mwezi ukifika katikati, baada ya sala ya alasiri, aliwakalisha binti zetu wawili mkekani, akalimwaga, wakaanza kushona vifuko vya Idi. Vilikuwa vidogo, vya kuingiza visheti, tende na pipi chache, na mdomoni vina kamba ya kukaza. Kila mtoto wa mtaa wetu alipata kimoja asubuhi ya sikukuu, lakini si chochote tu. Alipewa kilichoshonwa kwa baki la nguo ya mama yake mwenyewe. Mke wangu alijua kila fundo limetoka nyumba gani, na hakuandika popote.

"Mutoto asitembee kwa batu na nguo ya mama ya wengine," alikuwa akisema.

Sikuwahi kumuuliza neno hilo alilitoa wapi. Nadhani alilitunga mwenyewe, kisha watoto wakalishika likawa sheria. Hata wale wadogo kabisa walivikagua vifuko vyao mlangoni kwetu jinsi askari wa barabarani anavyokagua karatasi za gari, wakitazama ua na rangi, na ole wako ukosee.

Alifariki mwaka jana wakati wa kiangazi. Ugonjwa wenyewe hata hatukupata nafasi ya kuzoea jina lake.

Arobaini ilipopita, mama mkwe wangu alizigawa nguo zake. Ndivyo tunavyofanya: nguo za marehemu hutolewa sadaka kwa wenye kuhitaji, na kila anayezivaa amwombee. Nilikubali. Na hata ningekataa, nani angenisikiliza? Mwanamume aliyefiwa huwekwa kwenye kiti, huletewa uji, na mambo yote huamuliwa juu ya kichwa chake. Siku ile niliona mafurushi yakitoka mlangoni na nikaendelea kunywa uji.

Ramadhani ilipoingia nilitumaini watoto watasahau habari ya vifuko. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyetaka kusahau. Binti mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, hakuniuliza. Alilivuta gunia hadi uani, akatandika mkeka, akaweka sindano na mkasi. Petroli ilikuwa ya kubahatisha mjini, magari mengi yamelala kwa wenyewe, na gereji haikuwa na kazi ya kunipa kisingizio. Nikajikaza kisabuni, nikakaa chini.

Mimi si mtu wa sindano. Vidole vyangu vimezoea spana, na hata nivisugue kwa sabuni ya unga vipi, harufu ya mazutu, dizeli ya magari, haitoki. Kifuko changu cha kwanza nilikishona upande wa ndani ukawa nje, halafu nikaufunga na mdomo wenyewe, ukabaki mto wa paka. Binti mkubwa alikishika kwa ncha za vidole.

"Baba, haujue kushona," alisema.

"Najua kushona viti vya gari."

"Hii apana kiti."

Mdogo, mwenye miaka sita, alicheka hadi akalala mkekani. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza cha namna hiyo tangu msiba, na kwa ajili yake ningeweza kuharibu vifuko vyote vya Buyenzi. Baada ya hapo tukagawana kazi: mkubwa anakata na kushona, mimi naingiza kamba, mdogo anakata nyuzi. Mkubwa alikuwa amerithi kichwa cha mama yake. Alifungua fundo, akatazama kitambaa, akasema, "Hii ni ya nyumba ya muuza mkaa. Hii ni ya mama mapacha." Hakusitasita.

Siku kadhaa zilipita hivyo. Gunia likapungua, vifuko vikajaa kwenye beseni. Mdogo akauliza.

"Yangu iko wapi?"

Alikuwa anatafuta kijani. Mama yake alipenda kitenge kimoja, cha kijani chenye maua ya manjano, na vifuko vya binti zake alivishona kwa mabaki yake kila mwaka. Tulifungua mafundo yaliyobaki. Tuligeuza gunia ndani nje, tukalikung'uta, zikatoka nyuzi na kifungo kimoja. Kisha mkubwa akakumbuka, na nilimwona uso ukibadilika.

"Zilikwisha Idi ile ingine," alinong'ona. "Mama alisema ataenda kununua ingine."

Vifuko vyao vya mwaka uliopita vilikuwa vimechakaa na kutupwa, kwa maana kila mwaka vilikuja vipya. Na nguo zenyewe za mama yao zilikuwa zimetoka na yale mafurushi.

Mkubwa akamwonyesha mdogo wake kitambaa cha rangi ya machungwa, kizuri, kipya.

"Apana," mdogo alisema. "Hiyo ni ya mama ya wengine. Basi mi sitatoka Idi."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alirudi kwenye kazi yake ya kukata nyuzi, na tulipomuuliza tena alijibu vilevile, kwamba siku ya Idi atakaa ndani. Hasira zilinipanda. Nilimkasirikia mama mkwe, nikaukasirikia uji, nikamkasirikia na marehemu mwenyewe kwa kuondoka kabla ya kununua kitenge.

Nilikwenda kumuuliza mama mkwe nguo zilikwenda wapi. Nyingi zilipelekwa mikoani, akasema. Lile gauni la kijani alimpa yule mama wa Gasenyi, kule mlimani pembezoni mwa mji, aliyekuwa akituletea mboga za lengalenga. Alikuwa kipenzi cha mke wangu. Walikuwa wakiitana dada, mmoja Mwislamu na mwingine Mkristo, na walibishana bei ya mboga kila asubuhi kama maadui. Baada ya msiba aliacha kupita mtaa wetu.

Jumapili nilikwenda Gasenyi kwa miguu, na saumu yangu, kwa sababu mabasi hayakuwa na mafuta. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nilipita Kigobe na viatu vyangu vikiwa vizito kwa tope, nikapanda polepole, na nilipofika karibu na nyumba za mwisho nikakuta watu wanatoka kanisani.

Mbele yangu mke wangu alikuwa anatembea.

Nasema kama nilivyoona. Gauni lile, mgongo ule mpana aliouchora mwenyewe kwa chaki mezani, mikono yenye marinda begani. Moyo wangu ulifurahi kabla akili haijauzuia. Niliongeza hatua, nikafungua mdomo kumwita, na mwanamke akageuka. Alikuwa yule mama wa lengalenga, amemshika mkono mtoto wake mdogo wa kike. Sijawahi kumchukia mtu asiye na kosa kama nilivyomchukia kwa pumzi ile moja.

Alilitazama gauni, akanitazama mimi.

"Shemeji," alisema. "Nimefanya vibaya kuivaa?"

"Apana, mama. Iko inakupendeza."

"Naivaaga siku ya kusali tu. Huko Buyenzi sikuivaa. Niliogopa batoto bataniona."

Nikamweleza shida yangu: mtoto, kifuko, kijani. Hakuniacha nimalize. Alisema nilichukue gauni lote, analivua sasa hivi. Na nilitamani. Nilitamani kulikunja, nilitie chini ya shati, nikimbie nalo hadi Buyenzi. Lakini kitu kikishatolewa sadaka hakirudi kwa mtoaji, na hilo nilikuwa nalijua vizuri kuliko nilivyojua njia ya kurudi nyumbani.

"Kapande tu," nilimwambia. "Ya pindo."

Mke wangu aliacha pindo pana kwenye kila nguo, upana wa vidole vinne, akisema nguo lazima ipewe nafasi ya kumfuata mtu. Yule mama aliingia ndani, akavaa kanga, akatoka na gauni na wembe. Tulikaa mlangoni pake, akaanza kufumua. Mishono ilikuwa midogo, ya kukaza, na haikutaka kuachia. Kila uzi ulipokatika niliusikia. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono yake, na mimi ndiye niliyekuja kuomba ifumuliwe.

"Alishona ya kudumu," mama yule alisema, na akajifuta macho kwa kiwiko.

Nilimkaribisha Idi, aje na mtoto wake, avae gauni lile asiogope mtu. Nilidhani ninafanya jambo la kiungwana.

Binti mdogo alipokiona kile kipande alikiweka puani. Nilijua anatafuta nini na nikajua hatakipata, kwa sababu mimi nilikuwa nimekinusa njia nzima. Kilinuka moshi wa jikoni kwingine. Alikishona yeye mwenyewe, dada yake akimshikia, na kikatoka kimepinda upande mmoja. Kipande hakikutosha viwili. Mkubwa alisema yeye ameshakua, hataki, na akatoka kwenda kuchota maji ambayo hatukuwa tunayahitaji.

Asubuhi ya Idi watoto walijaa mlangoni kwetu baada ya sala. Kila mmoja alikagua chake, hakuna aliyelalamika isipokuwa kwa harufu ya mazutu. Binti yangu mdogo alisimama katikati yao amevaa gauni jipya, kifuko cha kijani kimejaa hadi kamba haifungi, na alikuwa ananyoosha shingo kama zamani. Nilimwona nikasema moyoni, basi, hili tumelivuka.

Ndipo mama wa Gasenyi akafika. Alikuwa amevaa gauni. Pale pindo lilipotolewa alikuwa ameunga ukanda mweusi, na mtoto wake alikuwa ameukamata ule ukanda kwa ngumi. Wanawake waliokuwa uani walilitambua, wakageuka. Binti yangu alilitazama gauni juu hadi chini, akaufikia ukanda, akamfikia mtoto. Mtoto yule alikuwa anawatazama wenzake na vifuko vyao, mikono mitupu. Kwenye gunia letu hapakuwa na fundo la mama yake.

Binti yangu alifungua kamba. Akaukinga upande wa mbele wa gauni lake jipya, akamimina humo visheti, tende na pipi, akakikung'uta kifuko na kumpa yule mtoto.

"Chukua," alisema. "Ni ya mama yako."

Mama wa Gasenyi alitaka kukirudisha. Nilimvuta binti yangu kando, nikachutama.

"Mama," nilimwambia, hivyo ndivyo ninavyomwita, "ile kitambaa ni ya mama yako wewe."

Alikuwa ameshika gauni lake kwa mikono miwili visheti visimwagike, na alinijibu taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Ile ni nguo ya huyu. Mama yangu hana nguo tena, baba."

Nilimfungulia njia. Aliwafuata wenzake mtaani, akiruka madimbwi kwa uangalifu, na kila alipofika kwenye nyumba na kuongezewa pipi aliinua gauni lake juu kidogo, akapokea humo.