Vikombe Ishirini na Kimoja vya Nong Siu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bualai Phonkham anasukuma baiskeli yake kwenye barabara ya udongo ya kijiji cha Nong Siu. Kikapu cha mbele kimejaa vikombe vya plastiki vyenye vifuniko vyekundu, kila kimoja kimeandikwa jina. Vyote ni vitupu isipokuwa kimoja. Hicho kiko juu kabisa, ndani ya mfuko unaoonyesha kila kitu, na jina lililoandikwa ni lake mwenyewe.

"Dada Bualai, funika basi!" anapaza sauti mama mmoja anayepika wali wa kunata uani. "Watu hatujala!"

"Sifuniki," anajibu Bualai. "Nilifunika mara moja, mkaona kilichotokea."

Mama yule anarudi kuuinamia moto wake. Kijiji kizima kinajua kilichotokea. Wapo waliocheka, wapo waliolia, na yupo mmoja aliyefanya yote mawili katika kikao kimoja.

Bualai ana miaka hamsini na minne. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, kazi inayompa baht elfu mbili kwa mwezi, fulana moja kwa mwaka, na haki ya kuwauliza majirani maswali ambayo hata mke hamuulizi mumewe. Hupima presha. Hupima sukari. Lakini kazi iliyompa jina, na baadaye ikamvua jina hilo mbele za watu, ni kukusanya choo.

Sababu iko bwawani. Bwawa la Nong Siu lina samaki wadogo wa magamba, ambao hukatwakatwa wakiwa wabichi, wakakamuliwa ndimu, wakatiwa pilipili, mnanaa na mchele wa kukaanga uliosagwa. Hiyo ndiyo koi, na mtu aliyekulia hapa akiisikia ikitajwa humeza mate hata akiwa mazishini. Ndani ya samaki hao mna mnyoo asiyeonekana kwa macho. Akiliwa, huhamia kwenye ini bila kubisha hodi, hukaa miaka na miaka, na mara nyingine humwachia mwenyeji wake saratani ya mirija ya nyongo.

Hakuna asiyejua hayo. Picha kubwa ya mnyoo imebandikwa ukutani mwa duka la kijiji. Chini ya picha hiyo ndipo wanaume hukaa kula koi, kwa sababu pana kivuli.

"Waliniambia ndimu inamuua," anasimulia Bualai. "Nikisema haimuui, wanasema pombe ya mchele itammalizia. Nikisema hata pombe haimuui, wananiuliza: sasa dada, vidonge unavyotuletea kila mwaka ni vya nini?"

Swali hilo hakulijibu kwa miaka kumi na tisa. Aliendelea kugawa vidonge.

Miaka miwili iliyopita yalitangazwa mashindano ya vijiji. Masharti yalikuwa mepesi kusoma: watu wazima sitini na wawili walete sampuli za choo, na wenye mayai ya mnyoo wasifikie watano katika kila mia. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Prayun, aliyapokea mashindano hayo kama vita vya kutetea nchi. Prayun ni mtu mwema, lakini akipewa kipaza sauti hata malaika wangehama mtaa. Kila alfajiri sauti yake ilipaa kutoka kwenye mlingoti wa ofisi: "Wananchi! Heshima ya kijiji imo mikononi mwenu! Yaani, imo vikombeni!"

Mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Kufikia saa nne Bualai alikuwa na vikombe arobaini na kimoja vyenye sampuli. Ishirini na kimoja vilikuwa bado vitupu.

"Nilipita kwao mara tatu," anasema. "Wananiambia, 'Leo hakijaja, dada.' Utamlazimishaje mtu? Kesho nitakwenda kwake kuomba chumvi."

Alijua vizuri kwa nini hakijaja. Wale ishirini na mmoja ndio waliokuwa chini ya picha ya mnyoo kila Jumamosi. Mmoja wao alikuwa Khamsing, kaka yake wa tumbo moja, mvuvi hodari wa lile bwawa na fundi wa koi asiye na mpinzani.

Sasa, nyumbani kwa Bualai anaishi mama mkwe wake, Bibi Buaphan, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Bibi huyo hajala samaki mbichi tangu jino lake la mwisho lilipong'oka. Anaishi kwa uji na ndizi za kuchemsha, na tumbo lake, kwa mujibu wa kila kipimo kilichowahi kufanyika, ni safi kama madhabahu. Asubuhi ile ya Ijumaa, Bibi Buaphan alikuwa amejaliwa.

Bualai alichukua kijiti cha mwanzi, akafunga mlango wa jikoni.

"Kilichonishangaza ni urahisi wake," anasema, huku akitazama magurudumu ya baiskeli. "Vikombe ishirini na kimoja, na sikuchukua muda wa kumenya vitunguu. Cha kumi na saba kilikuwa cha kaka yangu. Nilisoma jina lake nikakaza kifuniko."

Majibu yalipokuja, waliokutwa na mayai walikuwa watatu kati ya sitini na wawili. Nong Siu ikashinda. Hata wale ishirini na mmoja walipewa vyeti vya INI SAFI, na cheti kikikusifu hukiulizi kilikotoka. Likaletwa bango jekundu la mita nne: KIJIJI CHA MFANO, INI SAFI. Bualai alivishwa shada la maua na kupigwa picha katikati. Khamsing alipiga ngoma mpaka ngozi ikalegea.

Jambo moja halikutangazwa kwenye kipaza sauti. Gari lenye mashine ya kupiga picha za ini, lililokuwa lipite Nong Siu mwezi uliofuata, lilielekezwa kwenye vijiji vyenye hali mbaya zaidi. Kijiji cha mfano kilikuwa na kazi gani nalo? Halikuja mwaka ule. Halikuja mwaka uliofuata.

Mwezi wa nne mwaka huu, watu wakimwagiana maji ya Mwaka Mpya wa jadi, Khamsing alikuja kwa dada yake macho yakiwa ya manjano kama embe bivu. Bualai alimpeleka hospitali ya mkoa. Daktari alitazama picha, akasema kuna uvimbe wa ukubwa wa yai la bata, kisha akauliza kama kijijini kwao watu hawajawahi kupimwa.

"Nilipimwa!" alijibu Khamsing kwa fahari. "Nilikuwa safi. Kijiji chetu kina bango."

Bualai alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nilijifanya natafuta kadi yake mkobani," anasema. "Kadi nilikuwa nimeishika mkononi."

Alikaa na siri hiyo wiki tano. Alipika, akawapelekea. Alifua mashuka ya mgonjwa. Nongyao, mke wa Khamsing, alimshika mikono akamshukuru: "Wifi, bila wewe tungekuwa wapi?" Bualai anasema shukrani hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na miiba ya samaki anaijua.

Mwezi wa tano alifika muuguzi mpya katika kituo cha afya, Wilawan, msichana wa miaka ishirini na tisa mwenye kalamu nne mfukoni. Hakuja na picha ya mnyoo. Alikuja na karatasi kubwa kama mkeka, akaitandika kwenye sakafu ya ukumbi wa hekalu, akawaita watu waizunguke.

"Leo hatumtafuti mkosaji," alisema. "Miaka kumi na tisa tunagawa vidonge, na kila mwaka wagonjwa ni walewale. Ukimwangalia mnyoo peke yake, unampa mtu kidonge unakwenda zako. Tukiutazama ukoo wake wote, tutaona nani anamlisha. Haya, anatoka wapi?"

"Samaki!" Akachora samaki.

"Na samaki anampata wapi?"

"Konokono!" "Paka!" "Paka wa Prayun, yule mnene!" Paka akachorwa, mnene, na mshale kutoka mkiani mwake hadi bwawani.

"Na gari la kunyonya vyoo," alisema Khamsing. Alikuwa ameegemea nguzo, amekonda, kikapu cha wali kando yake.

"Gari langu linamwaga mashambani, si bwawani," alisema mwenyekiti.

"Na mvua ikinyesha, mwenyekiti?"

Mwenyekiti akaanza kuichunguza dari ya ukumbi, ambayo ni nzuri kweli. Mshale ukachorwa.

Kisha Wilawan alimpa Bualai kalamu. "Mama, chora kidonge chako kinavyofanya kazi."

Bualai akachora kidonge, na mshale mnene kutoka kidongeni kwenda kwa mnyoo. Akatia alama ya kumuua. Alikuwa karibu kukaa.

"Bado mshale mmoja, mdogo wangu," alisema Khamsing. "Toka kidongeni nenda kwenye sahani ya koi. Sisi tulikuwa tunakungoja wewe. Ukionekana na mfuko wa vidonge, tunatuma watu bwawani. Si dawa ipo?"

Wanaume walicheka, maana ilikuwa kweli tupu. Bualai aliuchora mshale huo. Anasema ulikuwa mshale mzito, kwa sababu ulikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Mtu fulani, kwa utani, alikuwa amechora bango kwenye pembe ya karatasi. Wilawan akaliona. "Na hili linaingia wapi?"

"Bango halina uhusiano na minyoo," alisema mwenyekiti haraka.

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Bualai. Akachora gari la picha za ini. Akavuta mshale kutoka bangoni hadi kwenye gari, wa kulirudisha lilikotoka. Akavuta mwingine kutoka kwenye gari hadi kwa mtu mwembamba aliyemchora ameegemea nguzo. Halafu akachora vikombe nyuma ya bango, kimoja kimoja, watu wakimwangalia bila kuelewa, mpaka vikafika ishirini na kimoja.

"Hivi nilivijaza mimi," alisema. "Nyie hamkuleta. Choo ni cha mama mkwe."

Bibi Buaphan, ambaye masikio yake hayana afya ya tumbo lake, akamvuta jirani: "Anasema nini?" Jirani akampigia kelele sikioni.

"Changu?" aliuliza Bibi. "Chote hicho?" Akafikiri. "Mbona hukuniambia, mwanangu? Ningekula vizuri."

Ukumbi ulilipuka. Khamsing alicheka mpaka akashika ubavu, mpaka machozi yakamtoka kwenye yale macho ya manjano. Kisha akaacha.

"Na changu pia?"

"Cha kumi na saba, kaka."

Khamsing alipangusa uso. "Kwa hiyo daktari nilimdanganya," alisema polepole. "Tena nilikuwa najidai."

"Hakunitukana," anasema Bualai leo. "Afadhali angenitukana."

Nongyao ndiye aliyeinuka. Alimpita wifi yake bila kumtazama, akavaa ndala mlangoni, akaondoka. Bualai alivua fulana yake ya kazi aliyokuwa ameivaa juu ya blauzi, akaikunja, akaiweka mbele ya muuguzi.

"Hiyo fulana tutaizungumzia baadaye, mama," alisema Wilawan. "Maliza mshale kwanza. Kwa nini hawakuleta?"

Ikawa zamu ya wale ishirini na mmoja kutazama sakafu. Mmoja alisema aliogopa kutajwa kwenye kipaza sauti. Mwingine akasema hivyohivyo. Mwenyekiti Prayun alitazama mlingoti wake kupitia dirishani, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Nong Siu hakuwa na tangazo.

Karatasi ile sasa imetundikwa mahali palipokuwa na bango. Bango lenyewe linafunika kuni za Khamsing. Vidonge humezwa ukumbini tu, siku moja, mbele ya sufuria ya koi iliyopikwa, ambayo wanaume huila wakinuna. Gari la vyoo humwaga kwenye shimo lililochimbwa mbali na bwawa. Na kikombe kitupu hakijazwi tena na mtu: hupelekwa kitupu, na gari la picha za ini huanzia kwenye nyumba hiyo.

"Zamani kikombe kitupu kilikuwa aibu," anasema Bualai. "Kumbe kilikuwa anwani."

Mwezi wa saba gari lilikuja. Kati ya wale ishirini na mmoja, mwanamume mmoja alikutwa na mirija iliyoanza kuwa minene. Anafuatiliwa kila baada ya miezi mitatu. Kumi na tisa wako salama. Wa ishirini na moja ni Khamsing.

Fulana Bualai alirudishiwa. Huivaa, lakini anasema haimkai kama zamani. Zipo nyumba mbili ambazo bado hazimkaribishi maji. Hadai.

Saa moja asubuhi anasimamisha baiskeli kwenye uzio wa nyumba ya mwisho. Khamsing amelala kwenye bembea ya kamba chini ya nyumba, katikati ya nguzo zinazoiinua. Jumatatu ijayo watamfanyia upasuaji. Daktari amesema uwezekano ni nusu kwa nusu.

"Umechelewa, mdogo wangu," anasema. "Leo kimekuja chenyewe. Changu halisi. Kipeleke kwa heshima."

"Nitakibeba juu kabisa, kaka, kando ya changu."

"Nikipona, utanikatia samaki kidogo?"

"Sikukatii."

Nongyao anatoka, anaweka kikombe juu ya nguzo ya uzio, anageuka bila neno. Ni mwezi wa tatu sasa hasemi naye. Bualai anakichukua, anaandika tarehe kwenye namba kumi na saba.

"Najua akirudi ataniomba tena koi," anasema kwa sauti ya chini. "Namjua kaka yangu. Nataka arudi aniombe, nimnyime. Kesho yake aniombe tena, nimnyime tena. Sina mpango mwingine. Mpaka tuzeeke."

Anaanza kusukuma baiskeli.

"Wifi," sauti ya Nongyao inatoka ndani ya nyumba. "Kifuniko hakijakazwa."

Bualai anasimama. Anakikaza.