Salamu ya Kupiga Magoti

Nilipoolewa Segese, mama mkwe wangu aliamini kwamba namsengenya, na ushahidi alikuwa nao masikioni. Wanasema sikio likilia, kuna mtu anakutaja. Yake yalilia kutwa kucha. Ujana wake wote aliumalizia kandokando ya makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na mlio ule haukumwacha hata alipozeeka. Sasa kama nyumbani tuko wawili tu, mume wangu yuko machimboni Geita, anayemtaja ni nani kama si mimi?

"Leo umeanza mapema," aliniambia asubuhi moja, hata chai haijachemka. "Hili la kushoto halinyamazi."

Kosa langu la pili lilikuwa salamu. Alimwambia kila jirani kwamba mkamwana wake hana adabu, hamwamkii. Hilo liliniuma kuliko la kusengenya. Mimi nimelelewa Ushetu, na bibi aliyetufundisha kwamba mbele ya mama mkwe unapiga magoti, unamwita mayu, yaani mama, unatazama chini na unashusha sauti. Kila asubuhi nilifanya hivyo, na kila asubuhi alinipita kana kwamba mimi ni kigoda.

Nami nikaanza kumshuku. Mume wangu akija, na sauti yake nzito ile, mama anamsikia hata akiwa uani. Pikipiki anaisikia. Mimi tu ndiye hanisikii! Nikasema moyoni, huyu si kiziwi, ananifanyia visa. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, lakini huyu aliniambia kabisa: mwanawe akirudi mwisho wa mwezi, nifungashe virago niende kwetu. Nilimpenda mume wangu, na nilijua hajawahi kumbishia mama yake. Nikaingiwa na hofu.

Mchana mmoja tulikuwa barazani tunachambua choroko. Simu yake ilikuwa mkekani, karibu na goti lake. Ikaita, ule mlio mwembamba wa vitochi, simu ndogo za vitufe. Nikachungulia: mume wangu. Mama akaendelea kutoa vijiwe. Nikamkazia macho nikisubiri achoke kuigiza, maana mwanawe ni huyo mmoja tu na hana ugomvi naye. Simu ikaita mpaka ikakatika. Mkono wake haukusita hata kidogo.

Punde ikaita yangu.

"Mama mbona siku hizi hapokei?" mume wangu akauliza. "Nimemkosea nini?"

Kabla sijajibu, mama alikuwa ameshanitazama mdomo.

"Ni yeye, ee?" akasema. "Wewe anakupigia. Mimi niliyemzaa hanipigii tena. Umemlisha maneno gani mwanangu?"

Akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, na hasira zangu zote zikaniishia palepale.

Hakuwa akiigiza: mlio mwembamba haukumfikia, kama sauti yangu ya kushushwa. Nikaweka simu chini. Nikasogea mbele yake, nikamshika kidevu, jambo ambalo bibi yangu angenichapa kwalo, nikamtazama usoni na kutoa sauti ya kifuani, mpaka muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara akageuka.

"Shikamoo, mayu!"

Akanishika mikono yote miwili.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kumbe unayo. Mbona siku zote hizi ulikuwa unaninyima?"