Maanayake, Mwelezaji wa Drafti

Jina alilopewa na mama yake halikumbukwi na mtu pale mtaani. Yeye ni Maanayake, basi. Alikuwa fundi viatu, kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka la kinyozi, na jina hilo alibandikwa kwa sababu hakuweza kusikia jambo akaliacha lipite bila kulieleza. Ukimwambia mvua itanyesha, atakwambia maana yake gundi haitashika leo, na gundi isiposhika maana yake kiatu chako hukipati mpaka kesho. Mteja aliondoka bila kiatu, lakini walau alijua kwa nini.

Shule aliiacha mapema, baba yake alipougua. Kusoma sawasawa alijifunzia kibandani, kwa vitabu vibovu alivyouziwa kwa uzito pamoja na magazeti ya kufungia viatu. Kitabu kimoja kilikuwa kimetangulia kusomwa na mtu mwingine, mtu asiyemjua mpaka leo, aliyeandika kwa penseli pembeni mwa kurasa. Neno gumu lilipigiwa mstari, na kando yake pana maelezo. Mahali fulani mtu huyo aliandika, "Hapa sijaelewa, nitarudi." Kurasa kadhaa mbele akaandika, "Sasa nimeelewa," akaeleza. Maanayake alisema hakuna mwalimu aliyewahi kumtendea wema kama ule, maana walimu wengine wote walimwonyesha kwamba wanajua, na yule peke yake alimwonyesha jinsi mtu anavyofika kujua. Kila alipoomba dua alimtia na mwenye penseli, akiwa hai au marehemu.

Redio ya kinyozi nayo ilikuwa kazi yake. Zamani mtangazaji hakuachia wimbo hivi hivi kama mtu anayemwaga maji ya kufulia. Aliusindikiza mpaka mlangoni pako: nani katunga, alikuwa katika hali gani, fumbo la ubeti wa pili linamchoma nani. Watangazaji hao wamekwisha. Siku hizi nyimbo zinafuatana kama kumbikumbi, na mtangazaji anayecheka baina ya wimbo na wimbo hajui hata lugha ya wimbo aliouweka. Basi Maanayake alijaza pengo, kiatu mapajani na misumari midogo kati ya midomo.

"Sikilizeni hapo," alisema kupitia misumari. "Mnadhani analia na mwanamke? Anamsema tajiri wake huyo."

Kinyozi alisimamisha mashine, mteja akabaki na nusu ya nywele, na wote wakausikiliza wimbo walioujua tangu utotoni kana kwamba umetoka asubuhi ile.

Lakini mahali pake hasa palikuwa chumba cha nyuma cha duka la kinyozi, Jumamosi alasiri, kwenye drafti. Wachezaji wawili walikaa mezani, na meza hiyo ilikuwa ndogo, walioketi mabenchi ya nyuma wasingeona kitu. Kwa hiyo seremala mmoja wa zamani alipigilia ukutani ubao mkubwa wenye miraba, kila mraba na msumari wake. Kete za ukutani zilikatwa kwenye soli za ndala, nyekundu na bluu. Mchezaji alipocheza mezani, mwelezaji alihamisha kete ukutani, kisha akawaambia watu kilichotokea na kwa nini. Seremala ndiye aliyekuwa mwelezaji wa kwanza, na alipozeeka alimwachia Maanayake kazi pamoja na sharti lake moja: lililochezwa lielezwe, lisilochezwa linyamaziwe. Wachezaji wana masikio. Ukiisema hatua kabla ya mwenyewe kuicheza, umemwibia mmoja na kumpa mwingine.

Miaka yote alilishika sharti hilo. Alikuja kuliacha siku ya fainali.

Mshindi wa siku ile ndiye angeenda kuuwakilisha mtaa kwenye mashindano. Upande mmoja alikaa fundi cherehani, mdogo wa mke wa Maanayake, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Upande wa pili alikaa kijana mchomeleaji, mkimya, mikono ina makovu ya cheche. Mchezo ulikuwa umekaza. Bibi muuza mkaa, aliyekuwa na benchi lake la mbele asilokalia mtu mwingine, akauliza kwa sauti yake ya sokoni:

"Maanayake wewe, sasa hapo fundi cherehani afanyeje?"

Ulikuwa mchana mzuri, watu wamejaa, na hakuna kitu alichokipenda duniani kama swali.

"Mbona rahisi, mama. Anamlisha ile ya pembeni, mwenzake hana hiari, atakula, halafu yeye anapita na tatu mpaka..."

Akanyamaza. Chumba kizima kilikuwa kimenyamaza kabla yake. Mkono wa shemeji yake ulikuwa hewani juu ya kete ile ile ya pembeni. Mwanamke aliishika, akailisha, mwenzake akala, naye akala tatu.

Mchomeleaji alisimama. "Sasa mimi nacheza na nani? Na huyu dada au na huyu mzee?"

"Nilikuwa nimeshaiona!" fundi cherehani alifoka.

"Labda. Nitajuaje?"

Kinyozi, mwenye chumba na mwenyekiti wa mchezo, alikuna kidevu. Akaamua mchezo urudiwe Jumamosi ijayo, bila maelezo. Tena mpwa wake angeleta televisheni na simu ya kupigia picha, kila mtu aone kete mwenyewe. "Tukiona inafaa," alisema bila kumtazama Maanayake, "basi mambo ya ukutani tuyapumzishe. Si kwa ubaya, kaka. Dunia imesonga."

Maanayake alizitungua kete za ukutani, moja moja. Alijua amekosa, na alijua ukutani pale ndipo mahali pekee alipopata kuitwa mtu wa kazi fulani mbali na viatu. Wiki ile alishona kimya. Kinyozi alifungua redio, nyimbo zikapita, hakuna aliyejua zinamsema nani.

Shemeji yake alikuja kibandani na kiatu kisicho na ubovu wowote.

"Shemeji, umeninyang'anya ushindi wangu wa halali."

"Najua uliiona ile hatua."

"Wewe unajua. Watu wanajua nini? Wanajua mume wa dada yangu kaninong'oneza mbele ya kadamnasi." Kisha akacheka bila kutaka. "Hata kunong'oneza hujui. Umetangaza kama mnada."

"Nisamehe."

"Nikishinda Jumamosi nitakusamehe. Nikishindwa, mwambie dada yangu akutafutie pa kulala."

Jumamosi televisheni iliwekwa juu ya kabati la taulo. Picha ilikuwa safi, ni haki kusema hivyo. Maanayake alikaa benchi la nyuma kama mgeni msibani. Mwanzoni watu walikodoa macho. Baadaye kidogo mmoja akakohoa, mwingine akatoa simu yake, wa tatu akaanza habari za mpira. Waliona kila kitu na hawakuona chochote.

"Nani anaongoza?" aliuliza bibi muuza mkaa. Hakujibiwa. Akajifunika khanga, akasinzia.

Kuelekea mwisho, kete moja ya mchomeleaji ilifika mraba mmoja kabla ya kuwa kingi, kete inayokwenda mbele na nyuma, na njia ilikuwa wazi. Mtoto mdogo angeisukuma. Yeye aliitazama, akaiacha, akasogeza kete nyingine kabisa, ya pembeni, hatua moja ya kizembe.

"Kalala huyo!" mtu alipiga kelele, watu wakacheka.

Hata Maanayake alitikisa kichwa. Maskini, alisema moyoni, macho ya watu yamemtia haya, akasahau ukingi.

Fundi cherehani hakucheka. Alikaa muda mrefu akiitazama meza. Mwishowe alicheza, akaliwa. Akacheza tena, akaliwa mbili. Akanyoosha mkono. "Umenimaliza, mdogo wangu."

Watu walipiga makofi kama yale anayopigiwa mgeni rasmi kwa hotuba isiyosikika, wakaanza kutafuta viatu vyao. Mchomeleaji alibaki amekaa.

"Ngojeni kwanza. Mmeiona?"

"Tumeona umeshinda. Hongera."

"Sio kushinda. Ile kete. Mmeiona ile kete?"

"Ile uliyosahau kuipa ukingi?"

Wakacheka tena. Uso wa kijana ulikunjamana kama wa mtu aliyeungua. Aliinuka, akaelekeza kidole kwenye televisheni, ambayo sasa ilionyesha meza tupu na kiwiko cha mpwa wa kinyozi. "Yaani pale... ningeenda, yeye ange... halafu mimi ninge..." Akakwama. Kuunga vyuma alijua. Kuunga maneno hakujua. Alikuwa amefanya jambo zuri kuliko yote ya maisha yake, na lilikuwa linatoka mlangoni pamoja na watu.

Akageukia benchi la nyuma. "Mzee, hebu waambie."

"Mimi nimekatazwa," alisema Maanayake.

"Aliyelalamika ni mimi. Nani mwingine kakukataza?"

Kinyozi alikohoa. "Mchezo umekwisha, kaka. Hakuna wa kuibiwa tena."

Maanayake akaenda ukutani. Alizitungika kete za ndala kama zilivyokuwa kabla ya hatua ile, kisha akawageukia watu.

"Nianze na ukweli. Mimi mwenyewe nilidhani amekosea. Kwa hiyo tutazame pamoja, wala msiniamini haraka." Akaipeleka kete nyekundu, ile ya mchomeleaji, mpaka mwisho. "Haya, amekuwa kingi. Mmefurahi. Sasa shemeji yangu anamlisha hii. Sheria inamlazimu kula, anakula, anatua hapa..." Alisimama, kidole ubaoni. Wale waliokuwa mlangoni nao walisimama. "Subirini. Subirini kidogo. Akitua hapa, kingi analiwa, na mbili zilizo nyuma yake zinaliwa!"

"Mtego wangu ulikuwa tayari," alisema fundi cherehani, ambaye alikuwa amesogea kando yake. "Nilikuwa naomba Mungu aende."

"Niliuona," alisema mchomeleaji.

"Kwa hiyo alifanyaje?" Bibi muuza mkaa alikuwa ameamka.

"Hakufanya kitu, mama! Alisogeza hii tu, akamwachia mwenzake zamu. Na mwenzake hakuwa na kete ya kusogeza bila kujiumiza. Hii akiisogeza, anafungua mlango. Ile akiisogeza, anajilisha mwenyewe. Zamu ndiyo iliyomwua."

"Mjinga wewe," bibi alimwambia mchomeleaji kwa mapenzi makubwa, "mbona hukusema?"

Chumba kikaangua kicheko, na safari hii makofi yalikuwa ya watu wanaojua wanachoshangilia. Fundi cherehani alipiga kwa nguvu kuliko wote, ingawa aliyekuwa ameliwa ni yeye. Ndipo kinyozi akasema televisheni ibaki kwa wanaoipenda, lakini mchezo ukiisha mtu asiondoke mpaka ukuta umesema. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka iliyobaki ya chumba kile.

Watu walipotawanyika mchomeleaji alikuja ukutani. "Asante, mzee. Ingenipotea hivi hivi."

"Mimi ndiye wa kushukuru," alisema Maanayake. "Ningekwenda kaburini nikikudharau kwa hatua niliyoshindwa kuiona. Sasa kaa hapo, taratibu, hata kama maneno yanakupiga chenga. Ule mtego uliuona lini?"

Kijana alivuta benchi, akaanza kutafuta maneno, na Maanayake akamngojea.