Unga Usio na Dawa

Mtaani kote shangazi yangu anaitwa Mama Chekeche, na si kwa sababu ya unga tu. Neno lolote ukimwambia atalichekecha mpaka ujute kufungua mdomo. Anasaga unga wa uji wa watoto katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Nafaka anaichambua, anaiosha, anaianika, anaikaanga, ndipo anasaga. Mimi nafunga pakiti na kugonga muhuri: HAUNA DAWA. Maana yake hatukutia kemikali ya kuhifadhi, kwa hiyo umalize mapema. Nani asiyeelewa hilo? Kumbe!

Juzi akaja bibi wa mtaa huuhuu anayelea mjukuu wake, mama mtu akiwa kazini. Mtoto ndiyo kwanza anaanza uji.

"Nipe pakiti mbili," akasema. "Unga wenu sasa najua kuutunza. Mmeandika hauna dawa, basi nikatia mwenyewe."

Shangazi akaacha kuchekecha. "Dawa gani, dada?"

"Si ile ya mahindi ghalani, ya kuzuia wadudu. Kidogo tu, asubuhi hii."

Mungu wangu!

"Mtoto ameshakula?"

"Bado, uji unapoa. Jirani yuko naye."

Tulitoka mbio, duka wazi. Shangazi, mwili wote ule, alinipita kama nimesimama. Tukamkuta jirani anapuliza kijiko, mtoto kaachama. Shangazi akampokonya bakuli bila hata hodi. Mtoto alikuwa hajaonja, alhamdulillahi. Uji ukaenda chooni, na unga wote ukafuata.

Bibi akaingia akihema, na shangazi akamgeukia.

"Hiyo ni sumu! Sumu, dada! Wameipachika tu jina la dawa!"

Nilidhani bibi atamjibu vikali, maana naye si wa kuchezewa. Akakaa chini sakafuni.

"Mbona wangu nimewalea hivyohivyo," akasema. "Nikisaga, natia kidogo, unga usiharibike. Wamekua."

Akafuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Ila kitinda mimba. Alitapika tangu asubuhi, jioni akatutoka. Tukasema homa." Akamtazama shangazi usoni. "Ilikuwa homa, eti?"

Nilitamani shangazi aitikie tu, yaishe. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alimchukua mtoto kwa jirani, akampakatisha bibi yake.

"Sijui, dada yangu," akasema. "Kwa kweli sijui."