Panga Lililopinda kwa Mkono wa Vidole Vitatu

Asubuhi niliyoondoka kwenda China safari ile, mume wangu alichukua kipande cha mche wa sabuni ya kufulia, akakilainisha kwenye maji ya moto, akakifinya kwa mkono wa kulia na kunikabidhi. Alama zilikuwa tatu: ya kidole gumba, ya cha shahada na ya cha kati. Viwili vya mwisho vilichukuliwa na mkanda wa mashine ya kusaga mwaka uliotangulia.

"Huo ndio mkono wangu," akasema. "Kautafutie panga."

Sisi ni watu wa Muheza, na mume wangu ni mtu wa michungwa. Tuligawana kazi tangu mwanzo: yeye shamba, mimi biashara ya nguo. Watu walimcheka eti mke anapanda ndege yeye anabaki kufyeka majani, naye aliwajibu kwamba machungwa hayajui kusafiri yenyewe. Alikuwa mwepesi wa mdomo namna hiyo. Baada ya ile mashine utani uliisha. Mkono wa kulia ukahamia mfuko wa suruali, ukakaa humo. Kanisani alisalimia kwa kushoto huku akiomba radhi. Nyumbani alikula kwa kijiko, amenipa ubavu nisione. Nililala naye kitanda kimoja, na mkono ule nilikuwa siujui.

Kazi ya kupogoa matawi na kung'oa visiki tuliwapa vibarua, yeye akawa anasimama pembeni. Alijaribu panga la kawaida mara mbili. Nilikuwa sijui, mpaka nilipomwona akihangaika, kwamba vidole viwili vya mwisho ndivyo vinavyoshika panga linaposhuka; hivyo vingine vinasindikiza tu. Mara ya kwanza lilimtoka likaangukia nyasi. Mara ya pili lilimpita karibu na muundi wa mguu. Akaliokota, akalitundika ukutani, na hakulitaja tena.

Kwa hiyo aliponipa ile sabuni, sikucheka. Tangu aumie hakuwa ameniomba kitu chochote, hata maji ya kunywa aliyafuata mwenyewe. Namshukuru mpaka leo kwa kuniomba.

Panga alilolitaka alilijua tangu utoto. Baba yake mkubwa alipelekwa Burma kwenye vita vya Mwingereza, akarudi na kisu kikubwa alichopewa na askari wa Kinepali. Wenyewe wanakiita kukri. Pale kwao kiliitwa panga la Burma. Si refu, limepinda kuelekea mbele kama goti la mtu anayetaka kukaa, na uzito wake wote uko karibu na ncha. Ukiliinua, linashuka lenyewe; mkono kazi yake ni kulielekeza tu. Ndugu mmoja aliliazima akaenda nalo Handeni, na hadithi yake ikaishia hapo. "China wanatengeneza kila kitu," mume wangu alisema, "hicho hawawezi kukikosa."

Guangzhou nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Sanyuanli pamoja na mama mmoja wa Unguja, mfanyabiashara wa nguo za watoto. Tulipatana vizuri, ila kwa jambo moja: yeye hawezi kuona kitu kichafu kikalala. Sabuni yangu niliiweka dirishani bafuni, juu ya kipande cha boksi, ipate hewa isije ikaota ukungu maana mji ule una unyevu wa ajabu. Asubuhi yake nikapanda basi kwenda Xintang kuangalia jinzi kwenye karakana, nikashinda huko.

Niliporudi nilisikia harufu ya nyumbani tangu kwenye ngazi. Kamba yote ya kibarazani ilikuwa imejaa nguo, zake na zangu, mpaka soksi. Mwenzangu alinipokea kwa furaha. "Shoga, Mungu akupe. Hii sabuni yao ya unga haitoi jasho, wallahi. Nimeona mche wa kwetu pale dirishani nikasema leo ni leo. Na zako nimekufulia."

Nilikwenda bafuni. Kilichobaki kilikuwa kibapa kidogo, laini kote, hakina alama hata moja.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nilisema maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia aliyemfulia soksi. Mwenzangu alisimama na beseni mkononi, haelewi kosa, kwani nani duniani anaweka mkono wa mumewe kwenye sabuni? Nilipomweleza aliketi kitandani akashika kichwa. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Kwani mkono wa mumeo wewe huujui?"

"Ule wa zamani naujua," nikasema. "Huu wa sasa hajanipa."

Hapo ndipo nililia, na yeye akalia, tukawa wajinga wawili katikati ya nguo zinazodondoka maji. Kesho yake nilijikaza kisabuni, na neno hilo silisemi kwa utani. Mwenzangu alikataa kwenda kwenye shughuli zake. Alijifunga mtandio, akasema panga hilo tutalitafuta wote.

Mtaa wa vifaa vya chuma tuliupata kwa kuuliza, maduka yamebanana, kila moja lina nyundo, misumeno na visu vimetundikwa ukutani. Duka la kwanza lilikuwa na kukri za kumaliza macho. Mpini umenakshiwa, kichwa cha shaba, ala ya ngozi yenye kishada chekundu. Mwenzangu alipenda papo hapo. "Laoban," akamwambia mwenye duka, maana kila mwenye duka kwetu alikuwa laoban, bosi, "hii nzuri sana. Shoga, chukua hii."

Niliomba kujaribu. Mwenye duka akacheka, akanipa kipande cha mwanzi. Nikapiga mara moja, na mpini ukacheza. Nikapiga tena, kile kichwa cha shaba kikaruka kikaenda chini ya meza. Kumbe mkia wa chuma ulioingia kwenye mpini ulikuwa mfupi kama kidole, umegandishwa kwa gundi. Ni cha kutundika ukutani kile, wageni wakisifie. Mwenye duka alipiga magoti kutafuta kichwa cha shaba huku akisema neno refu ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Kuanzia hapo tukawa na macho. Nikaacha kutazama makali, kwa kuwa makali mtu anaweza kuyatia mwenyewe kwa jiwe. Nikawa nageuza kisu nitazame mkia kwanza, kama chuma kinapita mpaka mwisho wa mpini. Nikatazama mgongo wa kisu kama ni mnene. Nikakigonga kwa ukucha: kilicholia vizuri nilikiweka upande, kilichonyamaza nilikirudisha. Mwenzangu naye alijifunza haraka, akawa anawafokea wenye duka kwa Kiswahili cha Unguja, "Huu mkia uko wapi? Mie sitaki shanga, nataka chuma," nao wanamjibu kwa Kikantoni, na cha ajabu wanaelewana.

Lakini tatizo la mpini lilibaki palepale. Visu vizuri tulivyoviona vilikuwa na mpini uliochongwa kwa mkono mzima, wenye mifuo ya vidole vinne. Nilichukua mpira wa kufungia mafurushi ya jinzi, nikavifunga vidole vyangu viwili vya mwisho kwenye kiganja, nikashika. Kidole cha kati kilikaa kwenye mfuo usio wake, gumba likaning'inia hewani. Ndivyo lilivyomtoka lile panga, nikawaza. Nikavishika kimoja baada ya kingine, na kila nilipokirudisha mezani nilimwona mume wangu amesimama pembeni ya vibarua, mkono mfukoni. Niliogopa. Niliogopa kumrudia na kitu ambacho kingemtoka mara ya tatu, kwa sababu nilijua hapatakuwa na ya nne.

Duka la mwisho lilikuwa la mama wa makamo, anakula mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe. Kisu chake kilikuwa chenyewe: mkia mzima, misumari mitatu imegongwa pande zote mbili, chuma kizito mbele. Nilipiga mwanzi ukakatika kabla sijajua kama nimepiga. Lakini mpini ulikuwa na mifuo. Nilimwonyesha mkono wangu uliofungwa mpira, nikajigonga kifua, nikatikisa kichwa: si mimi, ni mtu wangu. Aliacha kutafuna. Alinyoosha mkono akagusa vidole vyangu vilivyokunjwa, polepole, kama anayegusa kidonda cha kweli.

Aliingia nyuma, tukasikia akivuta maboksi. Alirudi na kisu kingine cha aina ileile, ila mpini wake ulikuwa haujachongwa. Vipande viwili vya mti mgumu vimegongewa pande mbili za chuma, vinene, vya mraba, vina alama za msumeno bado. Mwanzoni hakutaka kuniuzia. Aliutelezesha mkono juu ya ile mikwaruzo ya msumeno, akasema "meyo, meyo," hakuna, bado, haijaisha, na nilimwelewa, kwani hakuna mwenye duka anayependa kuonekana anauza kitu nusu. Mimi nilikuwa nimeukumbatia tayari.

"Shoga, huo si mpini, ni gogo," mwenzangu akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Atauchonga mwenyewe."

Nilijisikia mwepesi mara ile niliposema. Siku nzima nilikuwa nahangaika kuubashiri mkono wa mtu mwingine, mkono ambao hata mwenyewe alikuwa bado anajifunza kuutumia. Haikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea chuma kisichodanganya na mti wa kutosha.

Yule mama alikizungushia makali kipande cha boksi, akakifunga kwa gazeti tabaka juu ya tabaka, na uzi mwekundu. Hakunipa mkononi. Alikiweka juu ya meza, akarudi nyuma hatua moja, akaningoja nikichukue mwenyewe. Mwenzangu alinipiga kiwiko. "Umeona? Kama sie na pilipili. Hawataki kugombana." Nilimwinamia yule mama. Sikumwona tena, na bado namwombea.

Ajenti wetu wa mizigo, kijana wa Dar es Salaam, aliniambia nisithubutu kukibeba kwenye begi. "Mama, airport watakuweka ndani na hilo jambia lako." Basi kikaingia katikati ya furushi la jinzi, furushi likaingia kwenye kontena, na kontena likaenda bandari ya Huangpu kungoja meli. Mimi nilirudi kwa ndege mikono mitupu. Mume wangu hakuuliza. Nilimwambia panga linakuja kwa maji, lakini ile sabuni iliishia kwenye kufua nguo, nikamsimulia yote mpaka soksi. Alitabasamu kidogo, akatazama pembeni. Sikujua kama ameamini kwamba kuna panga.

Mzigo ulipofika tulifungua mafurushi sebuleni. Alikata ule uzi mwekundu, akakunjua magazeti, akalishika panga kwa mkono wa kushoto kwanza, akaligeuza, akatazama mkia, mgongo, misumari. Aliutazama ule mpini wa mraba kwa muda mrefu.

"Hawakumaliza," akasema.

"Nilikataa wasimalize."

Alikwenda uani, akavunja chupa, akakaa kwenye kigoda, akaanza kukwangua mpini kwa kigae. Alikwangua, akashika, akakwangua tena. Nilipika, nilifagia, nilipita mara nyingi kuliko ilivyohitajika, naye hakuinua kichwa. Kazi ile ilimchukua siku kadhaa. Mpini ulikuwa ukipungua upande mmoja na kubaki mnene upande mwingine, umbo ambalo hakuna kiwanda kingelifikiria, na mwisho wake aliacha nundu ya kuzuia kiganja kisiteleze. Alipomaliza aliupaka mafuta ya nazi. Kisha siku moja, asubuhi na mapema, akaondoka nalo bila kuniambia, na vibarua wakarudi nyumbani kuniuliza kama leo hawana kazi.

Nilisikia sauti kutoka mpakani mwa shamba, ko, ko, ko, halafu kimya, halafu tawi linaanguka. Nilizima jiko nisisikie kitu kingine. Kila kimya kilipozidi nilisimama, kila lilipolia tena nikakaa. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mwenzangu na ufuaji wake, nikamshukuru yule mama wa mbegu za alizeti, na baba mkubwa aliyeko kaburini pamoja na Mnepali wake.

Alirudi jua limepanda, shati limemlowa, majani kichwani. Alisema lina uzito kupita lile la Burma, na makali yake ya mbele anayatilia shaka, na mwaka huu vibarua walipogoa vibaya mno, mtu angedhani wanalipizia kisasi kwenye miti. Aliongea hivyo huku akinawa. Halafu akaja akaketi kando yangu kwenye mkeka, akautoa mkono wa kulia, akaulaza mapajani mwangu, kiganja juu.

"Mchungwa umenichoma," akasema. "Nitoe mwiba."

Niliuchukua mkono ule kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa na malengelenge mapya, na pale vidole vilipokuwa ngozi ilikuwa imefunga vizuri, laini, ya rangi ya maji ya kunde. Mwiba niliuona mara moja, ulikuwa juujuu, na ulitoka kwa pini mara ya kwanza nilipougusa. Sikumwambia. Niliendelea kuutafuta, naye akaniacha niutafute.