Ncha Iliyokosekana

Cherehani ya shangazi haisikiki tena chumba cha nyuma. Miaka mingi niliamka kwa mlio wake. Siku hizi naamka kwa kimya, na kimya hicho nakijua kilianzia wapi.

Shangazi alishona nyumbani, na alikuwa na sharti moja. Sindano ikivunjika, kazi inasimama mpaka vipande vyote vipatikane na kuunganishwa juu ya karatasi, kama mtu anayeunga mfupa. Hapo ndipo nguo hutoka.

Asubuhi ile alikuwa anamalizia blanketi la mjukuu wa jirani, mtoto wa siku tatu. Mashine ikawa inaruka mishono. Alitia uzi upya, akasugua vumbi la pamba penye bobini, akalegeza uzi wa juu. Bado. Kumbe sindano ilikuwa namba kumi na moja, ya blauzi ya jana. Blanketi lile nene lilitaka kumi na sita. Alilikumbuka hilo sindano ilipolia ta, ikakatika.

Ncha haikuonekana. Alilikung'uta blanketi, akalikunja mezani, akaenda kwa fundi redio kuazima sumaku. Mimi nilikuwa jikoni, sijui lolote. Jirani akaja.

"Shangazi yako blanketi analishona au analilea?"

Nililiona limekunjwa vizuri. Nikampa.

Shangazi aliporudi alitazama meza, kisha akanitazama mimi.

"Liko wapi?"

Nilipomjibu, sumaku ilimponyoka mkononi. Alitoka bila viatu. Niliiokota, nikamfuata mbio.

Nilimkuta kwa jirani amepiga magoti kando ya kitanda, mtoto amefunuliwa, analia.

"Dada, umerukwa na akili? Ndiyo kwanza kalala."

"Mgeuze. Mtazame mgongo."

Alininyang'anya sumaku, akaipitisha polepole juu ya blanketi, upande hadi upande. Ikanasa pindoni, pale kidevu kilipokuwa kimelala. Ncha ilikuwa ndogo kuliko nusu ya punje ya mchele.

Mtoto hakuwa na hata mkwaruzo. Jirani alicheka, sauti ikimtetemeka. "Basi dada, yameisha."

Kwa shangazi hayakuisha. Kila alipoketi kwenye cherehani miguu ilikufa ganzi. Akishona mstari mmoja anasimama, anapapasa kitambaa hadi vidole vinachubuka. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Sasa anakaa kwa binti yake, anauza vifungo na nyuzi barazani. Sindano hauzi.